Nyoa wa Kushoto Tu

"Nyoa kidogo tu," Mpole alisema. "Kipande cha kiganja, basi. Na unyoe mguu wa kushoto tu, huu mwingine hauna neno."

Daktari wa Picha alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa farasi, mashine ya kunyolea mkononi, na maneno hayo alikuwa akiyasikia tangu aliposhuka garini. Mara ya kwanza aliyachukulia kuwa ni wasiwasi wa mtu na mnyama wake. Mara ya pili alijisemea, wanaume hawa, hata kazi ikiwa yako watakufundisha namna ya kuishika. Sasa yalianza kumkera. Lakini alikuwa anampenda, na ukimpenda mtu unamsamehe mambo ambayo mwingine ungemjibu papo hapo.

Jina la Daktari wa Picha alipewa na watu wa mazizi kwa sababu kazi yake haikuwa kutibu. Kazi yake ilikuwa kuwatazama farasi kwa ndani. Nyuma ya gari lake alibeba mashine mbili: ya eksirei, inayoona mifupa, na ya altrasaundi, inayoona nyama na kano ambazo eksirei inazipita kana kwamba hazipo. Wenye farasi walimheshimu na kumwogopa kidogo, maana hakujua kupunguza makali. Akiona ufa atasema ni ufa, hata mwenye farasi awe nani.

Mpole naye alikuwa mfunzi wa farasi, mtoto wa kiume wa mwenye mazizi, na jina lake pia lilikuwa la kupewa. Sauti yake haikuwahi kupanda, si kwa mnyama, si kwa mtu. Siku ya kwanza Daktari alipofika pale alimkuta amesimama na dume lililokuwa limemrusha kila mtu, ananong'ona tu, na dume lile linatetemeka huku likitulia. Akajisemea, mtu kama huyu hawezi kuniumiza. Moyo nao, ukishapenda, hauulizi maswali ya maana.

Leo alipomshika mkono kumsalimia, Daktari alikuwa amecheka.

"Mbona unanuka siki? Umeanza kupika siku hizi?"

"Nilikuwa nasafisha madirisha," Mpole alisema. Alicheka naye, ila alichelewa kidogo.

Farasi mwenyewe aliitwa Tangawizi, jike jekundu, mrukaji wa viunzi ambaye watu walisafiri kuja kumtazama. Wiki iliyopita alichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Daktari alikuja, akapiga eksirei, mifupa ikatoka safi. Mchana huu alikuwa anakuja mama mmoja kumnunulia binti yake, na Mzee, baba yake Mpole, alitaka kano nayo iangaliwe ili mnunuzi asipate la kusema. Kano ni ile kamba ngumu inayoshuka nyuma ya mguu wa farasi, chini ya goti. Farasi akiruka na kutua, kamba hiyo ndiyo inayompokea. Ikikatika angani, anayeanguka si farasi peke yake.

Kichwani mwa Tangawizi alisimama dada yake Mpole ameshika kamba, kofia ngumu ya kupandia imeshakaa kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa ampande mchana ili mnunuzi aone farasi anavyoruka. Tangawizi alikuwa ameshachomwa sindano ya kumtuliza kwa muda mfupi. Mdomo wa chini ulining'inia na macho yake yalikuwa nusu wazi.

Mashine ya kunyolea ililia. Manywele mekundu yalidondoka sakafuni, na nyuma ya mguu wa kushoto pakabaki kipara kirefu, ngozi ya kijivu inang'aa. Daktari aliusafisha, akaupaka jeli, akaweka kichwa cha mashine ya altrasaundi juu yake na kukiteremsha polepole huku macho yake yako kwenye kioo. Kano ilitokea nyeupe, nyuzi zake zimebanana vizuri kutoka juu hadi chini.

"Huu ni mzima," alisema. "Kulikuwa na uvimbe chini ya ngozi, umekwisha. Kano haina kitu."

Dada mtu aliachia pumzi na kucheka.

"Wifi, Mungu akupe maisha marefu. Mimi leo sikula. Sasa kajiandae, maana Baba hana maneno mawili."

"Nijiandae na nini?"

"Aa, hujaambiwa?" Dada mtu alimtazama kaka yake, kisha akamtazama Daktari, na furaha ikamponza. "Baba kasema mezani, sote tunasikia. Ukimpitisha Tangawizi leo, anapeleka posa kwenu wiki hii hii. Kasema, akituvusha hapa, huyo ni mwanangu, na yale ya farasi mweusi nimeyasahau."

Farasi mweusi alikuwa wa Mzee pia. Miaka iliyopita Daktari alipiga picha kwato zake, akasema mfupa wa ndani umeoza na huyu asipandwe tena. Mzee hakumsamehe. Mpole alipomwambia babake anataka kumwoa Daktari, jibu lilikuwa kwamba nyumba hii haiwezi kuoa mtu anayeingia na mashine kutafuta ubovu wa watu. Tangu hapo Daktari alikuwa akisubiri. Kila akiuliza, Mpole alimwambia, "Baba anaanza kulainika, mpe muda." Naye alimpa muda. Alimpa muda hadi mama yake mzazi akachoka kumuuliza.

Alisimama taratibu, jeli inamtiririka vidoleni.

"Ni kweli?" alimuuliza Mpole.

"Tutazungumza baadaye."

"Nimekuuliza kama ni kweli."

"Alisema hivyo, ndiyo. Lakini sasa kuna ubaya gani? Mguu ni mzima. Umesema mwenyewe."

"Kwa hiyo posa yangu mmeifunga kwenye mguu wa farasi. Angekuwa mgonjwa je? Ningebaki kwetu nizeeke?"

"Si mgonjwa," Mpole alisema kwa ile sauti yake ya kutulizia farasi. "Mpenzi, usitafute ugomvi pasipo na ugomvi. Funga mashine, twende tukanywe chai, Baba anasubiri."

Damu ilimchemka. Lakini kazi ni kazi, na yeye alikuwa na desturi ya kuimaliza kwanza ndipo akasirike. Aliinama, akaichukua tena mashine ya kunyolea, akazunguka upande wa pili wa farasi.

Mpole alimwahi. Alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, ila hakuachia.

"Unafanya nini?"

"Nanyoa wa kulia."

"Wa kulia wa nini? Nimekuambia wa kushoto tu. Wiki iliyopita eksirei ulipiga mguu mmoja."

"Mifupa naijua kwa kichwa. Kano siyo. Kila farasi ana unene wake, na kipimo chake ni mguu wake wa pili. Mguu mgonjwa haujulikani umeumia kiasi gani mpaka uuone ulio mzima. Ndivyo ninavyofanya siku zote." Alimtazama. "Hukujua?"

Uso wa Mpole ulikuwa umebadilika, na Daktari aliyeuzoea uso ule, aliyewahi kulala akiufikiria, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona pale. Aliona hofu.

"Mnunuzi akiona vipara viwili atadhani farasi ameoza miguu yote," Mpole alisema. "Tafadhali. Nakuomba."

"Niachie mkono."

Alimwachia.

Mashine ililia tena, ikakata manywele ya juu, kisha ikakwama. Daktari aliipuliza, akajaribu tena, ikakwama tena. Aligeuza meno yake kwenye mwanga. Yalikuwa yamejaa unga mweupe, mkavu. Aliusugua kati ya vidole, akaunusa.

Ulikuwa udongo wa kupoza, ule ambao watu wa farasi huukoroga na siki na kuupaka kwenye mguu wenye joto. Na ulikuwa kwenye mguu wa kulia, ule usio na neno.

Alisafisha meno ya mashine kwa brashi, akanyoa hadi chini, akapaka jeli. Alipoweka kichwa cha mashine hakuhitaji kukitembeza sana. Katikati ya ule weupe wa kano palikuwa na tundu jeusi, duara, la ukubwa wa tembe ya dawa. Alishuka nalo. Tundu liliendelea, likapanuka, likaendelea. Alisimamisha picha.

"Njoo uone," alimwambia dada mtu.

"Mimi sijui kusoma hivyo vitu, wifi."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Njoo."

Dada mtu alinyoosha shingo bila kuachia kamba. Alitazama picha ya kushoto, nyeupe tupu, akatazama ya kulia.

"Hicho cheusi ni nini?"

"Hicho ni pasipo na kitu. Nyuzi zimekatika, damu imejaa mahali pake. Wa kushoto ulipouma, wa kulia ukaubebea mzigo. Unaobeba ndio unaochanika. Angeruka leo, angeweza kuruka cha kwanza na cha pili. Cha tatu sijui."

Dada mtu aligeuka kumtazama kaka yake. Ndipo Daktari alipomgeukia Mpole, na hasira aliyokuwa ameiweka kando ikamrudia na riba.

"Ulikuwa unasafisha madirisha," alisema.

Mpole alitazama chini.

"Nijibu. Madirisha ya nani? Hii siki ni ya dirisha gani?"

"Niligundua juzi mguu una joto," Mpole alisema. "Kidogo tu. Nikaupaka udongo. Nilikuwa namtibu, Mungu anajua nilikuwa namtibu."

"Na ukaniita mimi nije niangalie wa kushoto."

"Baba ndiye aliyekuita."

"Nyoa wa kushoto tu, nyoa wa kushoto tu. Nimekuja hapa umeniimbia kama kasuku. Ulijua nikiuangalia wa kushoto nitasema ni mzima, na nitakuwa nimesema kweli."

"Ndiyo." Mpole aliinua macho, na yalikuwa mekundu. "Ndiyo, nilijua. Kwa sababu wewe huwezi kudanganya, nami sikutaka udanganye. Nilitaka tu uangalie mahali penye ukweli mzuri. Yule mama mnunuzi angemchukua farasi, Baba angekuja kwenu, tungeoana. Nimechoka kukusubirisha. Unafikiri ni wewe tu unayeumia?"

"Mwongo wa kawaida hudanganya kwa mdomo wake. Wewe ulitaka kudanganya kwa mdomo wangu. Watu wangenunua farasi kwa sababu mimi nimesema. Umeona mahali watu wanaponiamini, ukaenda kuchota hapo."

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Usinitie mimi humo. Na huyu je?" Alimwonyesha dada mtu kwa kidevu. "Huyu aliyekuwa apande mchana?"

"Ningemwambia asimrushe sana. Ningeweka viunzi chini."

Dada mtu alifungua mkanda wa kofia yake. Aliivua polepole, akaiweka mikononi mwa kaka yake.

"Panda wewe," alisema.

Kisha akarudi kichwani mwa farasi, akampa kaka yake mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mpole alibaki ameishika ile kofia. Daktari alitamani kumhurumia na hasira ilikataa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata wakati ule, akimwona amesimama na kofia ile kama mtu aliyepewa mtoto asiyejua kumbeba, alitaka kumfuta vumbi shavuni.

Viatu vilisikika kwenye sakafu ya saruji. Mzee aliingia akiwa amevaa shati la wageni.

"Shikamoo, Mzee," Daktari alisema.

Mzee hakuitikia. Alikuwa ameshaona miguu.

"Nani kakuambia umnyoe farasi wangu kama kondoo?"

"Uliniita niangalie kano, Mzee. Za mbele ziko kwenye miguu miwili."

"Nilikuita uangalie mguu wa kushoto. Mgeni wangu yuko njiani. Atamkuta farasi ana vipara viwili, nimwambie nini? Kwamba ni mtindo mpya?"

"Mwambie ukweli. Wa kushoto ni mzima. Wa kulia kano imechanika ndani, na picha hii hapa. Asipandwe, asirushwe. Apumzike, na baada ya muda tumpige picha tena tuone inavyojishona."

Mzee hakuitazama picha. Alimtazama mwanawe, akaona ile kofia, akaona uso, akaelewa yote. Alikuwa mtu mwerevu; ubaya wake haukutokana na ujinga.

"Anachechemea mguu wa kulia?" aliuliza.

"Bado. Sindano imemlegeza sasa, huwezi kujua. Na kano haisubiri mtu aone."

"Hachechemei. Basi hujaulizwa. Wewe utasema ulichoulizwa, wa kushoto ni mzima, na huo si uongo. Mimi nitatimiza nilichoahidi, na wewe utakuwa binti yangu kwa heshima zote. Binti, nyumba hujengwa na mtu anayejua kufumba jicho moja."

"Nikifumba jicho moja nitakuwa na kazi gani mimi? Macho ndiyo kazi yangu."

"Nilisema," Mzee alimwambia mwanawe, kana kwamba Daktari hayupo. "Nilikwambia huyu ataingia na mashine ndani ya nyumba, ampige picha hata mama mkwe wake ajue kala nini."

"Mama mkwe ana bahati, Mzee. Akiwa na tundu ndani, kuna mtu wa kumwambia mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kingemuumbua nani? Binti yako leo, au binti wa mwenzako kesho. Umekaa mezani ukanitaja mimi, ukaniweka upande mmoja wa mizani na farasi upande wa pili. Hukuona haya?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mzee hivyo ndani ya mazizi yake. Mshipa ulimsimama shingoni.

"Kama ni hivyo, posa hakuna," alisema. "Leo wala kesho. Na wewe," akamgeukia Mpole, "leta bendeji. Funga miguu yote miwili, nyeupe, safi. Mnunuzi akiuliza, ni za kumkinga safarini. Farasi wote husafiri wamefungwa."

Mpole hakujongea.

"Unanisikia au unasikia harufu?"

Daktari alisimama akamtazama mpenzi wake. Hakumwomba kwa mdomo, maana kuna maneno ambayo mtu akiombwa ayaseme hayana thamani tena. Aliomba moyoni tu. Sema kitu. Mara moja katika maisha yako, mpandishie mtu sauti.

Mpole aliweka kofia juu ya ukuta wa kibanda. Alikwenda kwenye ndoana, akatungua bendeji, akapiga magoti mbele ya Tangawizi na kuanza kuzungusha. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi ile. Ilizunguka bila kukosea, mguu wa kushoto, kisha wa kulia, na vile vipara viwili vikazama chini ya kitambaa cheupe hadi vikawa havipo.

"Upole wako nilidhani ni moyo," Daktari alimwambia. "Kumbe ni woga."

Alikunja waya zake, akafunga mashine, akatoka. Mpole alimwita kwa jina lile analomwita wakiwa wawili tu. Hakugeuka.

Nje jua lilimpiga usoni. Aliipakia mashine nyuma ya gari, akafunga mlango kwa nguvu, ukarudi ukafunguka, akaufunga tena kwa nguvu zaidi. Alijikaza kisabuni mpaka alipokaa kwenye usukani. Pale langoni alilazimika kusimama, kwa sababu gari jingine lilikuwa linaingia.

Mama mmoja alishuka, na binti mwenye waya kwenye meno, kofia mpya ya kupandia ameikumbatia kifuani, bado ina karatasi ya duka ndani. Binti yule alikuwa hawezi kusimama mahali pamoja.

"Samahani, mwanangu, wewe ndiye Daktari wa Picha?" mama aliuliza dirishani. "Tumeambiwa ungekuwepo. Mimi farasi siwajui, huyu ndiye mwenye wazimu wao. Niambie tu kama mama kwa mwana, yuko salama?"

Daktari alishika usukani. Sheria ya kazi yake ilikuwa nyepesi na nzito: aliyekuita ndiye mwenye picha, na picha ya mtu huitangazi langoni. Alimtazama yule binti na karatasi yake ya duka.

"Mama, picha ni za mwenye farasi, siwezi kukusomea," alisema. "Lakini usimpande, usimguse, na usikubaliane lolote mpaka wakufungulie bendeji. Zote mbili. Ukiona kilichopo chini yake, waulize ni cha nini, na uwaambie wakuonyeshe picha."

Mama alikunja uso, anataka kuuliza zaidi. Hakuwahi kuuliza.

Tangawizi alikuwa anatoka mazizini, taratibu, usingizi wa sindano bado unamyumbisha. Mpole ndiye aliyemwongoza. Bendeji zilikuwa zimening'inia shingoni mwake Mpole, ndefu, zinaburuza vumbini, na miguu ya farasi ilikuwa mitupu, vipara vyake vya kijivu vikimeta juani. Nyuma yake Mzee alikuja akimwita, na nyuma ya Mzee dada mtu, macho yamevimba.

"Mama," Mpole alisema kutoka mbali, na sauti yake ilipanda hadi farasi wengine wakatoa vichwa madirishani. "Mama, usimnunue huyu. Mguu wa kulia kano imechanika. Nilijua nikaficha. Daktari aliuona, nikaufunga bendeji ili wewe usiuone."

Yule binti aliacha kurukaruka.

"Umemaliza?" Mzee alisema nyuma yake. "Umeniaibisha mbele ya wageni ukamaliza? Basi jua umeiua posa yako kwa mkono wako mwenyewe."

"Ilikuwa posa ya farasi, Baba," Mpole alisema bila kugeuka. "Ya kwangu bado sijaipeleka."

Mzee alimtazama mgeni wake, akatazama miguu ya farasi, akaingia ndani peke yake. Dada mtu ndiye aliyemsogelea yule mama, akamshika mkono na kumwomba radhi, akiwa na sauti ya mtu anayejiombea radhi mwenyewe pia. Binti yule aliuliza kama anaweza kumpapasa farasi pua tu. Aliambiwa anaweza.

Mpole alimkabidhi dada yake kamba. Alikuja hadi dirishani mwa gari akihema, na bendeji zake shingoni.

"Nimesema," alisema.

"Nimesikia."

"Bado una hasira."

"Hasira ndiyo kwanza inaanza. Umesema baada ya mimi kuondoka. Umesema baada ya kupiga magoti na kumfunga. Leo asubuhi nilikushika mkono nikakuuliza siki ya nini. Hapo ndipo ulipotakiwa kusema, nami ningeinama nikusaidie kuupaka huo udongo."

Hakujitetea. Labda hilo ndilo lililomzuia Daktari kupandisha kioo.

"Atapona?" Mpole aliuliza.

"Mwagie maji baridi asubuhi na jioni. Asitoke kibandani ila kwa kuongozwa mkono, mwendo wa taratibu. Itajishona. Haitakuwa kama ya zamani, itakuwa na kovu, lakini farasi wengi hurudi kufanya kazi wakiwa na kovu. Nitakuja kumpiga picha."

"Baba hatakuita."

"Baba yako amebaki na farasi aliyechanika ambaye kila mtu sasa anajua. Nani mwingine atamwamini akisema amepona, asipoonyesha picha yangu? Ataniita. Atanuna, lakini ataniita."

Kicheko kidogo kilimtoka Mpole, kikamfia midomoni. Alishika ukingo wa dirisha. Kucha zake zilikuwa na weupe wa udongo ndani.

"Na mimi?" alisema. "Ukija, mimi utaniangalia?"

Daktari alitia gia. Alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotazama kioo cha mashine, bila kuharakisha na bila kufumba.

"Nitakuangalia," alisema. "Miguu yote miwili. Na usinionyeshe pa kunyoa."

Aliondoa gari. Kwenye kioo cha pembeni alimwona amesimama langoni, hajamkimbilia, hajampungia mkono, akizikunja zile bendeji moja moja. Alilia kuanzia pale hadi barabara kuu, kilio cha hasira, akipiga usukani kwa kiganja. Aliponyanyua mkono kufuta macho, kifundo chake, pale Mpole alipomshika, kilikuwa bado kinanuka siki. Alifuta macho kwa mkono wa pili.